Pumzi na Mlima

Mtu atokaye Mombo kwenda Lushoto husafiri kilomita 33 hivi, na katika safari hiyo fupi huiacha nyika iliyo chini ya mita 500 akafika mji ulio kwenye kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Barabara hujizungusha mlimani, hupita Soni penye maporomoko, na msafiri aliyeketi garini huona baridi tu ikiingia dirishani. Wadachi, waliouita mji huu Wilhelmstal, waliipenda baridi hiyo. Lakini milima ya Usambara hujulikana kwa mguu, na mguu hupeleka habari zake kifuani. Sisi tuliozaliwa katika kijiji kilicho juu ya Soni, tukaondoka ujanani kwenda kusoma sekondari na kisha kuitumikia serikali katika miji ya pwani, tumerudi mara nyingi kwa likizo na kwa misiba. Kila tunaporudi twaukuta mlima ni ule ule. Kifua chetu ndicho kisichokuwa kile kile.

Tulilitambua jambo hili siku tulipomzika mjomba wetu. Gari liliishia barabarani, na kutoka hapo jeneza lilipaswa kupandishwa kwa mabega hadi makaburini, kwa njia nyembamba ipitayo kati ya migomba na mashamba ya viazi. Mpwa hakai nyuma katika kazi hiyo. Tuliweka bega mbele, upande wa kulia, kama ilivyotupasa, tukaanza kwa hatua za haraka zilizo desturi ya wachukuao maiti. Hazikufika hatua thelathini. Miguu ilikuwa imekwisha kuanza kazi, na pumzi ilikuwa kana kwamba haijapata habari. Kisha ikaja yote kwa pamoja, kwa kishindo, hata macho yakaingia giza. Kijana mmoja aliyekuwa ubavuni mwetu aliingiza bega lake bila kutamka neno, nasi tukajikuta tumesimama pembeni ya njia, watu wakitupita. Hapana aliyetucheka. Laiti wangecheka, pengine ingekuwa nafuu.

Tulikuwa bado tumeketi juu ya jiwe, tukijifanya twafunga kamba za viatu, alipopita shangazi yetu na mkongojo wake. Umri wake ulikuwa umepita miaka sabini. Alitutazama, akasema, “Mwanangu, mbona umepanda kama akimbiliaye basi? Simama. Tuamkiane kwanza.” Nasi tulikuwa tumekwisha kuamkiana naye alfajiri ile. Hata hivyo aliuliza upya habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za mvua za huko pwani, akijibu na kujibiwa, huku akiinua mguu mmoja baada ya mwingine kwa namna ambayo huwezi kusema kama anakwenda au anangoja. Tukamfuata. Mabonde mawili tuliyavuka hivyo, na pumzi haikutukatika tena.

Daktari mmoja, rafiki yetu, alitufafanulia baadaye jambo ambalo hatukuwa tukilijua. Mtu anapoanza kwenda, kupumua kwake huongezeka papo hapo, katika pumzi ya kwanza au ya pili, kabla damu iliyopita katika misuli ya miguu haijapata nafasi ya kufika mapafuni na kwenye ubongo na kueleza kwamba hewa chafu imezidi. Huko Denmark, August Krogh na Johannes Lindhard walilipima jambo hili wakaliandika mwaka 1913. Tangu wakati huo imefahamika kwamba amri hutoka pande mbili. Ubongo, unapoituma miguu, hukitaarifu kifua wakati huo huo; na misuli na viungo vya miguu, vikisogea, hupeleka habari juu kwa njia ya mishipa ya fahamu. La kustaajabisha ni kwamba hata mtu aliyetulia, ikiwa mwingine atamshika miguu na kuichezesha, hupumua zaidi, ingawa yeye mwenyewe hakufanya kazi yoyote. Mwaka 2000 wataalamu wa Japani walichapisha matokeo ya kuwapima vijana na wazee mwanzoni mwa zoezi la miguu, wakaona kwamba kwa wazee mwitikio huo wa mwanzo, wa pumzi na wa moyo pia, ni wa polepole zaidi. Juu ya hayo, uzee hukaza mbavu, hupunguza mnyumbuko wa mapafu, na hushusha kikomo cha mapigo ya moyo. Na hapo Lushoto kanieneo ya hewa ni kama asilimia 85 tu ya ile ya Tanga mjini.

Hatudai kwamba wazee wetu waliijua mishipa ya fahamu. Tunachosema ni kwamba walizijua dakika za kwanza za mlima. Wasambaa huamkiana kwa urefu, na wageni wengi wametuuliza kwa nini watu wenye mizigo kichwani husimama katikati ya mteremko kuulizana habari za ng’ombe. Tulizoea kujibu kwamba ni adabu. Ni adabu kweli. Lakini tazama pia wanaposimamia: aghalabu ni pale njia inapoanza kuinuka. Mzee hupewa nafasi ya kutangulia, na kijana hampiti bila kuomba ruhusa, hivyo msafara wote huanza kwa mwendo wa kifua kilicho dhaifu kuliko vyote.

Ushairi nao umetuletea habari hiyo hiyo. Ujanani tulighani mshororo wa mizani kumi na sita kwa pumzi moja, tukajivuna. Sasa twatua kwenye kina cha kati, na wasikilizaji hudhani twafanya hivyo ili maana ipenye.

Siku hizi pikipiki hupanda hadi vijiji ambavyo zamani vilifikiwa kwa miguu tu. Hatuzilaumu, mama mjamzito aliyewahishwa zahanati hawezi kuambiwa kwamba kutembea kuna adabu yake. Lakini wenzetu wa makamo hupandishwa hata mwendo wa robo saa, na mguu usiotumika huchakaa upesi, na kifua huufuata. Vijana nao hupita wakipunga mkono, kwani chombo hakisimami mlimani kwa ajili ya habari za ng’ombe.

Arobaini ya mjomba ilipofika, mpwa mmoja alitungoja barabarani na pikipiki yake, injini ikinguruma. Tulimwomba amchukue mwenye mfuko wa sukari. Shangazi alikuwa ameketi chini ya mti, mkongojo magotini. Tulimwamkia, akaitikia, akaanza kutuuliza habari za nyumbani, nasi tukazieleza zote, moja baada ya moja, mpaka kwenye kona ya kwanza. Tulifika dua imekwisha kuanza. Chai yetu ilikuwa imefunikwa kwa kisahani, na ilikuwa bado ya moto.