Kumbe Haukuwa Ujinga Wangu

Leo nataka kuwasimulia jambo ambalo kwa muda mrefu nimeona haya kulisema. Mwaka wangu wa kwanza hapa Uingereza nililipa pauni 30 kununua makala moja ya jarida. Ilikuwa hela ya chakula cha wiki. Kumbe makala hiyohiyo maktaba yetu ilikuwa nayo, bure.

Ilikuwaje? Nilifungua tovuti ya maktaba, nikaandika jina la makala kwenye kile kisanduku cha kutafutia, nikabofya. Hakuna kitu. Nikajaribu mara tatu, hakuna. Nikasema basi, chuo hakina. Sikumwuliza mtu. Si mnatujua sisi? Umehangaika mpaka umefika huku, nyumbani wanakutangaza mtaa mzima, halafu uende ukamwambie mkutubi kwamba hujui kutafuta? Nikanyamaza. Insha iliyofuata sikuwa na hela tena, nikaiandika bila makala nilizozihitaji. Nikapata 48.

Mwaka jana dada mmoja wa Tanga anayesoma PhD hapa akanitumia ujumbe: "Mdogo wangu, maktaba wanatafuta wanafunzi wa kujaribu tovuti yao. Nusu saa tu, wanatoa vocha ya pauni 10." Nikaona si haba, angalau nirudishe theluthi ya hela yangu.

Chumbani tulikuwa watatu: mimi, mama mmoja mkutubi, na mwenzake aliyekuwa anaandika. Unapewa kazi sita, unazifanya huku ukisema kwa sauti kila unachowaza. Yeye hakusaidii. Ukimwuliza, "Nibofye hapa?" anakurudishia, "Wewe unadhani ukibofya patatokea nini?" Mwanzoni ilinikera.

Kazi ya kwanza, kutafuta kitabu, niliiweza. Ya pili: tafuta makala hii. Jasho likanitoka. Kisanduku kilekile, jibu lilelile. Mbele kidogo nikaona maneno ya "kuazima baina ya maktaba", nikasema hayo ni mambo yao wenyewe, hayanihusu. Kumbe ndiyo njia ya kuletewa kitabu kutoka chuo kingine! Neno "hifadhidata" nililipita kabisa, nikidhani ni la watu wa kompyuta. Katika sita niliweza mbili.

Nikasema, "Samahani, nimewaharibia kazi." Yule mama akatabasamu: "Anayefanya mtihani leo ni tovuti, si wewe."

Ndipo akanieleza. Kisanduku kile kilikuwa kinatafuta vitabu na majina ya majarida tu. Makala zilizomo ndani ya majarida zilitafutwa kwingine, kwenye hizohizo hifadhidata nilizozipita. Wanne walionitangulia walikwama palepale, na wote ni wazaliwa wa hapahapa. Jamani, nilishusha pumzi ya miaka miwili.

Baadaye nikasoma zaidi. Mkutubi mmoja wa Berkeley, Marekani, John Kupersmith, alikusanya matokeo ya majaribio ya namna hii kutoka maktaba nyingi. Maneno ya kikutubi, kama hilo la hifadhidata, yalikuwa yanapoteza wanafunzi. Maneno ya kawaida kama "tafuta vitabu" na "tafuta makala" yaliwasaidia. Naye Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya tovuti. Lakini aliongeza sharti: kama watumiaji ni wa makundi yaliyo tofauti sana, kila kundi lijaribiwe.

Hapo ndipo penye neno langu kwenu. Mwisho wa jaribio yule mama aliniuliza kama kuna kitu huwa natafuta nisikipate. Nikamwambia vitabu vya Kiswahili. Nikaandika "Kiswahili", vikaja vichache. Tukaandika "Swahili", vikamiminika. Katalogi yao inafuata vichwa vya mada vya Maktaba ya Bunge la Marekani, na huko lugha yetu inaitwa Swahili. Rafu zake ni PL 8701 hadi 8704. Nilipanda ghorofani siku hiyohiyo, nikamkuta Shaaban Robert ametulia, vumbi juu. Wale wanne wa mwanzo wasingeuliza jambo hilo hata siku moja.

Muhula huu tovuti imebadilika. Kisanduku sasa kinatafuta vitabu na makala pamoja, na pale palipoandikwa maneno ya kuazima baina ya maktaba pameandikwa "Omba kitabu tusichonacho". Suala la Kiswahili bado wanalishughulikia, kwa hiyo kwa sasa andikeni "Swahili".

Majaribio mengine yanakuja muhula ujao. Tafadhalini nendeni, na mkipotea semeni kwa sauti. Mimi ukimya wangu ulinigharimu pauni 30 na insha moja, na kisanduku kikabaki vilevile kikimsubiri mwingine.