Picha ya Nyuma ya Jicho

Nilipokuwa nasomea macho katika hospitali ya KCMC, Moshi, tulichokiona kwenye retina tulikichora kwenye faili: damu iliyovuja kwa penseli nyekundu, mafuta yaliyoganda kwa njano. Mwaka ukipita, mwenzako akifungua faili lile, hana hakika kama doa limekua au wewe ndiye uliyelichora dogo.

Hospitali ya wilaya niliyopangiwa baadaye ilikuwa na sliti lampu, ile hadubini ya macho yenye mwali mwembamba. Kamera ya retina haikuwepo. Tulipopata habari kwamba huko Nakuru, Kenya, daktari wa macho Andrew Bastawrous na wenzake wanapiga picha za retina kwa simu na kuzilinganisha na za kamera kubwa, nilitafuta kishikio cha kufunga simu kwenye tundu la kutazamia, nikaanza kujifunza.

Kazi yenyewe inataka subira. Kwanza napima presha na kutazama chemba ya mbele, kwani jicho lenye chemba finyu likipanuliwa mboni laweza kupanda presha ghafla. Ndipo naweka matone ya tropikamidi, tunangoja dakika 20 au 30. Mgonjwa anaegemeza kidevu na paji la uso. Mkono mmoja unaendesha mtambo, mwingine unashika lenzi ya dayopta 90, milimita 7 hivi mbele ya konea. Namwambia, jicho la kulia litazame sikio langu la kulia, na diski ya neva inajileta katikati. Mwanga naupunguza, fokasi na mwangaza wa simu naufunga. Simu ikiachwa ijiamulie, diski inageuka doa jeupe lisilosema kitu. Sipigi picha moja moja. Narekodi video, kisha nachagua pale ambapo jicho lilitulia, nageuza nyuzi 180, maana lenzi ile huonyesha kila kitu juu chini.

Simu huona kwa jicho moja, haina kina. Kwa hiyo daima natazama kwanza mwenyewe kwa macho yangu mawili. Lakini picha ina faida yake. Tangu Helmholtz achapishe habari za chombo chake cha kutazamia ndani ya jicho mwaka 1851, aliyezoea kuona humo ni daktari. Mwenye jicho aliambiwa tu.

Kumwonyesha naye ndiko kulikonishikisha kazi hii. Presha ya macho, yaani glaukoma, mara nyingi haiumi, na huanza kula uoni wa pembeni. Mzee mmoja mfugaji alikuwa ameacha matone yake ya kushusha presha.

“Mimi mbuzi nawaona mpaka kule mlimani, daktari. Dawa ya nini?”

Nikamwekea picha za macho yake sambamba. La kulia, kikombe, yaani shimo la katikati ya diski, kilikuwa cha wastani. La kushoto kilikuwa kimekula karibu hadi ukingoni.

Akatazama kwa muda. “Shimo hili linazibika, mwanangu?”

“Halizibiki, baba. Tunalizuia lisipanuke, na la kulia lisiifuate njia hiyo.”

Akauliza matone yanauzwa wapi. Nikamweleza pia kuwa ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Haukupita muda akamleta mwanawe mkubwa. Presha yake ilikuwa ya kawaida, ila vikombe vilikuwa vikubwa kuliko nilivyopenda. Nikampiga picha macho yote mawili, nikazihifadhi kwa namba ya faili na tarehe, bila jina, nikampa miadi ya miezi sita ili tuzilinganishe.