Mlima Wenye Milango Miwili

Darasani mlijifunza kwamba mlima mrefu kupita yote katika Kongo ni Ruwenzori, na kwamba kilele chake, Margherita, kina mita 5,109. Kilele hicho kimo mpakani, hivyo mlima una milango miwili.

Mlango wetu ni Mutwanga, katika Mbuga ya Virunga, mbali na hapa Bukavu. Njia hupita msituni hadi kibanda cha Kalonge, kisha Mahangu, kisha Kiondo, na juu zaidi ni barafu. Mgeni haendi peke yake: huongozwa na watu wa mbuga, na wachukuzi wa vijijini humbebea mzigo. Kiongozi mwema hufuata mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote, kwa maana huko juu hewa ni haba, na anayekimbia siku ya kwanza huumwa kichwa siku ya tatu.

Mlango wa pili uko Uganda. Wageni huupanda kwa kuongozwa na Wakonjo, ndugu wa Wanande wetu, na hizo ni karo za watoto. Kwetu vita vimeifunga njia mara nyingi. Mchukuzi wa Mutwanga hurudi shambani kwake, na theluji huitazama kwa mbali, mawingu yakifunguka.