Naivasha: Vumbi, Mwendo na Ugomvi Mmoja

Kama wewe na mwenzi wako kila likizo mnakimbilia ufukweni, hebu jaribuni kitu tofauti: Naivasha, wikiendi ya Safari Rally. Tahadhari tu, mtakula vumbi mpaka kwenye meno.

Mimi na mume wangu tulikwenda Juni 2023. Yeye kazi ilikuwa imemweka Arusha, mimi Dar, tukawa tunaonana kwa manati. Tukakubaliana: siku nne, sisi wawili tu, kazi ibaki nyumbani. Basi bwana, tumeshavuka Namanga ndipo mwenzangu anafungua begi na kutoa lenzi ndefu ya kamera, ya mtumba. Kumbe ameinunua kwa hela tuliyokuwa tunadunduliza ili tupange nyumba na kuishi pamoja! Kutoka pale mpaka Nairobi sikumsemesha.

Naivasha iko kama kilomita 90 kutoka Nairobi, chini kwenye Bonde la Ufa. Barabara inapoteremka, bonde lote linafunguka mbele yako, na hata mwenye hasira analazimika kutazama. Mashindano haya yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baada ya 2002 yalitoka kwenye ubingwa wa dunia, yakarudi 2021, na Naivasha ndiyo ikawa makao yake.

Ijumaa tulikuwa Kedong. Kwanza unasikia helikopta, halafu mlio, halafu wingu la vumbi linakujia, na kufumba na kufumbua gari limepita. Mume wangu alipiga picha za kwanza kwa kasi ya 1/1000 ya sekunde. Zilitoka safi, lakini gari lilionekana kama limeegeshwa porini. Akashusha hadi 1/125, akawa analifuata gari kwa kamera huku akipiga, mtindo ambao wapiga picha wanauita paningi. Gari linatakiwa kubaki kali na nyasi za nyuma zigeuke mistari. Yeye alipata ukungu mtupu, gari na nyasi vyote pamoja.

“Hela yote ile kwa ajili ya ukungu?” nikamuuliza. Hakujibu, na nilijua nimemuumiza.

Mzee mmoja aliyekaa karibu yetu na chupa yake ya chai akageuka. “Madam, hiyo lenzi mmeiweka moja ama mbili?” Tukatazamana. Ubavuni mwa lenzi kulikuwa na swichi ndogo ambayo hakuna aliyeijali.

Iko hivi. Lenzi nyingi ndefu zina mfumo wa kutuliza mtikisiko wa mikono. Kwenye lenzi kama yetu, namba 1 inazuia mtikisiko wa pande zote, juu-chini na kushoto-kulia. Ukizungusha kamera kulifuata gari, mfumo unaweza kudhani umetetereka, ukavuta picha kinyume na unakokwenda. Namba 2 inakuachia mwendo wa kufuata gari, inatuliza ule wa juu na chini tu. Baadhi ya lenzi zinatambua zenyewe kwamba unafuata kitu, kwa hiyo soma kitabu chake kwanza. Yako ikikuvurugia, zima kabisa.

Swichi peke yake haitoshi, msomaji. Jumapili, Hell's Gate, nilishika kamera mimi. Panua miguu kidogo, viwiko vibane mbavuni, zungusha kiuno na si mikono. Anza kulifuata gari likiwa bado mbali, bonyeza taratibu, na usisimame baada ya kubonyeza. Endelea kuzunguka nalo. Anza na 1/125, ukizoea shuka hadi 1/60. Simama mahali ambapo gari linakukata ubavu, siyo linakokujia. Na baki eneo la watazamaji, picha haina thamani ya mguu wako.

Nilipiga picha zaidi ya 100, nzuri zilikuwa sita. Moja ilinifanya nipige kelele: gari kali mpaka vibandiko vinasomeka, nyuma yake bonde lote limekuwa mistari ya dhahabu. Mume wangu alinikumbatia, vumbi kwa vumbi. Jioni ile, tukila samaki karibu na ziwa, ndipo aliposema: “Niliogopa kukuambia kwa sababu nilijua ungekataa.” Nikamwambia kweli ningekataa, ila kunificha ndiko kulikoniuma zaidi. Tuliongea mpaka mhudumu akaanza kupanga viti.

Agosti tuliiuza ile lenzi, hasara kidogo. Mwaka uliofuata alihamia Dar. Picha iko sebuleni, na wageni wakiuliza nani kapiga, yeye ndiye anayejibu haraka: “Mke wangu.”

Mkienda, wekeni chumba mapema maana wiki ile mji hujaa, na bebeni kitu cha kufunikia kamera. Bajeti ya safari? Iongeleeni kabla ya Namanga.