Shimo la Ndizi

Nilipokuwa mtoto nilipewa kazi ndogo nikaiharibu. Bibi yangu alivumbika mikungu mitatu ya ndizi shimoni, akaifunika kwa majani ya mgomba na udongo, kisha akaniambia, "Mjukuu wangu, linda shimo hili. Usilifunue mpaka siku ya nne." Fedha ya ndizi zile ilikuwa ndiyo karo yangu. Lakini subira ilinishinda. Kila jioni nilifukua nikachungulia. Siku ya nne ndizi zilikuwa ngali kijani na ngumu. Mchuuzi alizikataa, nami nikakaa nyumbani juma zima wenzangu wakisoma. Bibi hakunipiga. Alisema tu, "Umeitoa pumzi yake."

Miaka mingi baadaye nilijua kuwa alisema kweli. Ndizi iliyokomaa hutoa hewa iitwayo ethilini, na hewa hiyo ikikusanyika huiamsha ndizi kutoa nyingine zaidi, hata shimo zima likaiva pamoja. Mimi niliiachilia ipeperuke.

Ethilini hutengenezwa kwa kazi ya vimeng'enya viwili vinavyopokezana. Kila kimoja kina ukoo wa jeni zinazofanana kama ndugu, lakini zenye zamu mbalimbali: moja hufanya kazi mmea unapojeruhiwa, nyingine hulala mpaka wakati wa kuiva. Hewa ikienea, koo nyingine huitika. Baadhi ya vimeng'enya vyake hugeuza wanga, ambao ni kama sehemu moja ya tano ya nyama ya ndizi mbichi, kuwa sukari. Vingine hulegeza pektini, gundi iunganishayo seli, na tunda likalainika.

Mwaka 1994 iliuzwa Marekani nyanya iliyonyamazishwa jeni moja ya kulainisha. Ilitumainiwa kukaa ngumu muda mrefu. Lakini jeni hiyo ilipokaa kimya, vimeng'enya vingine viliendelea na kazi, na nyanya ikalainika karibu kama nyingine. Haikudumu sokoni.

Basi, msomaji, mvumilivu hula mbivu, wala si kwa bahati. Anapongoja, wafanyakazi wasioonekana wamo kazini, kila mmoja kwa zamu yake. Mimi niliona shimo limelala, nikalifunua. Kumbe nilikuwa nikiwafukuza wafanyakazi wangu mwenyewe.