Usiku wa Betri: Marui na Mikoko ya Rufiji

Marui, huku Kisarawe, nililala nyumba ya bati yenye paneli moja juu na betri ya maji ya ampea 100 chini ya kitanda. Mwenyeji aliupanga usiku kwa saa: taa ya sebuleni hadi saa nne, ya uani hadi asubuhi, feni hadi saa sita, maana baada ya hapo bara hupoa. Kwa karatasi yupo sawa. Volti 12 mara ampea 100 ni wati-saa 1,200, lakini betri ya maji ikinyonywa kupita nusu kila usiku hufa mapema. Za kutumia ni 600. Feni yake ya wati 15 na taa mbili za wati 5 hazifiki 200. Salio ni akiba ya masika, jua linapokataa siku mbili mfululizo. Ila betri ningeitoa chumbani: ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, inayoshika moto.

Baadaye, mashua tuliyopanda Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji, ilikuwa na betri ya ukubwa uleule. Njiani upepo ulitupoza bure. Tulipotia nanga mikokoni kungoja maji, hewa ilisimama na mbu wakashuka. Hapo feni inatakiwa hadi alfajiri, na taa ya nanga nayo haizimwi.

"Feni ikizima tutatoka jasho tu, kaka," nahodha aliniambia. "Taa ikizima tutagongwa."

Mpango wake wote umo humo, nami naukubali: taa kwanza, simu ya kuitia msaada ya pili, starehe mwisho. Lakini inveta yake ilibaki imewashwa kwa ajili ya simu moja. Inveta ya namna hiyo, hata bila kazi, inaweza kula wati 10. Kwa saa 12 ni 120, sawa na feni ile ya Marui kwa saa nane. Chaja ya volti 12 ingetosha. Marui hawana inveta kabisa, na feni yao imeungwa moja kwa moja.

Vichwa vya betri ya mashua vilikuwa vimeota ukungu wa kijani kwa chumvi. Nahodha alivisugua, akavipaka grisi, akakaza kamba ya sanduku. Kisha akapima: volti 12.6, yaani imejaa. Kwa usiku ule, feni tuliiacha izunguke.