Waandishi walipombana kigogo wa sinema

Zikitajwa tuzo za sinema watu hukimbilia Oscar. Mimi ninazozihusudu ni zile za waandishi wanaochambua sinema mjini Los Angeles, ambao chama chao kilianza mwaka 1975. Oscar wanapigiana kura wenye sinema wenyewe, waigizaji, waongozaji na wenzao wa studio. Hawa wa magazeti kazi yao ni kutazama na kusema.

Walinikosha kwa kisa cha mwaka 1985. Terry Gilliam alikuwa amemaliza mkanda wake uitwao Brazil (usitafute Pele humo, jina limetoka kwenye wimbo), habari za karani anayesagwa na serikali ya makaratasi. Ulaya ukaonyeshwa mapema mwaka ule, dakika 142. Marekani ikawa kimbembe! Sid Sheinberg, kigogo wa Universal, akadai ni mrefu mno na mwisho wake unatia simanzi. Ukatwe, mapenzi yashinde. Sisi tuliozoea kwamba steringi hafi labda tungemwelewa. Gilliam akagoma. Akanunua ukurasa mzima wa gazeti la Variety kumuuliza Sheinberg, kwa jina kabisa, atautoa lini mkanda wake. Halafu ukaanza kuonyeshwa kwa waandishi wa Los Angeles, kichinichini.

Desemba wakapiga kura. Filamu bora, Brazil. Mwongozaji bora, Gilliam. Mswada bora, Brazil tena. Na mkanda wenyewe Marekani ulikuwa haujatoka! Universal wakanywea. Mwezi uleule wakauachia, dakika 132, simanzi ya mwisho ikiwa palepale.

Utamu zaidi ni kwamba Universal haohao mwaka ule walikuwa na Out of Africa, iliyopigwa kwa jirani zetu Kenya. Kwenye Oscar za 1986 ikazoa tuzo saba, filamu bora ikiwemo. Brazil ikaondoka mikono mitupu.

Zote mbili nimeziona. Out of Africa ina mandhari, kile kindege kikipita juu ya flamingo acha tu, ila Waafrika wengi humo wanapita nyuma kama pazia. Ya Gilliam ni nyingine bwana. Juzi nimesimama dirishani kwenye ofisi fulani, naambiwa fomu yangu ina muhuri wa bluu, wanataka mwekundu. Yule karani nilimwona kabisa.